Nilitaka Kupanguswa Jasho Luvungi

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitajikuta nimeshajitetea. Nilitoa mikro ya shingoni kwenye gitaa ya kwaya yetu bila kumuuliza mtu, nikaweka nyingine yenye nguvu. Kwa sababu hiyo Mama Zawadi hakuagwa kama alivyoomba kuagwa. Ni mimi. Si umeme, si ampli, si shetani. Mimi!

Jina langu liacheni. Walio Songo, mtaa wetu hapa Uvira, na wanaosali kwetu watanitambua kabla ya kufika katikati ya habari hii, na sina la kuwafanya. Nimechoka kujieleza uso kwa uso. Kila nikijaribu, mdomo unaniletea sababu nzuri nzuri, na baadaye najichukia zaidi. Nimeona heri niwaandikie msionijua.

Wasiopiga gitaa mnivumilie kidogo. Gitaa ya umeme haina sauti ya maana peke yake. Chini ya nyuzi kuna mikro, sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na hiyo ndiyo inayosikiliza nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampli, mtambo wa kuikuza. Yetu ina mikro mbili. Ya nyuma, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, sauti yake ni kali, inachoma. Ya mbele, karibu na shingo, sauti yake ni ya mviringo, imeshiba. Ukitaka kupiga polepole chini ya waimbaji, unatumia ya shingoni. Ukitaka kupiga solo ya kujaza kanisa, wengi wetu tunatumia hiyo hiyo ya shingoni. Matatizo yangu yote yalianzia hapo, kwenye kitu kimoja kinachotakiwa kufanya kazi mbili.

Mikro ya zamani ilikuwa ya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya. Aliyepiga kabla yangu aliinunua Bujumbura, akaifunga, kisha akahamia Kalemie akaniachia gitaa. Kwa nyimbo za polepole ilikuwa tamu mno. Ukigusa uzi katikati ya shingo, ilitoka kama mtu anafungua mdomo.

Lakini kelele zake! Kanisa letu linatumia betri za sola na konvertisa, ule mtambo wa kugeuza umeme wa betri, na mikro ya koili moja inanasa kila uchafu unaopita kwenye nyaya. Nikiacha kupiga, ampli inavuma zzzz mpaka mchungaji ananiangalia katikati ya maombi. Nilikuja kugundua kwamba nikigeukia mimbari uvumi unazidi, nikigeukia dirisha unapungua. Basi miaka yote nimemwabudu Mungu nikiangalia dirisha.

Na solo yake niliiona nyembamba. Hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa mimi.

Sasa Luvungi. Huwa tunakutana huko, kwaya za mjini na kwaya za tambarare ya Ruzizi, siku ambazo barabara iko wazi. Turubai zinafungwa, jenereta inawekwa nyuma ya ukuta, na kila kwaya inaimba zake mpaka wali uive. Kwaya ya Kiringye walikuja na mpiga solo wao, mwanaume mrefu anaitwa Bahati, mtu wa kucheka na kila mtu. Nilikuwa nimeshamsikia kwenye simu za watu, sikumtilia maanani.

Katika wimbo wao wa pili akapewa nafasi. Jamani! Sauti ilitoka nene, ndefu, haikatiki. Uzi anaugusa mara moja, unaendelea kulia mpaka yeye mwenyewe aamue. Na akiacha, kimya. Jenereta iko pale pale nyuma ya ukuta, na gitaa yake haivumi hata kidogo.

Halafu mama mmoja akatoka kwenye viti na kitambaa chake, akacheza taratibu mpaka mbele, akampangusa Bahati jasho la usoni. Akaja wa pili. Akaja hata mzee mmoja mwenye koti. Kwetu hayo si mambo madogo. Mpigaji anayepanguswa jasho ameambiwa mbele ya wote kwamba amewagusa watu. Bahati akafumba macho, akainua uso, akapanguswa kama mtoto aliyemaliza kula ugali, na vidole vinaendelea na kazi.

Mimi nimeshika gitaa ile tangu sijaota ndevu. Sijawahi kupanguswa na mtu. Jasho langu linashuka mpaka kwenye kola ya shati, linakaukia hapo.

Siku ile tukirudi Uvira nilikaa karibu na Zawadi, anayeimba soprano, binti wa huyo Mama Zawadi niliyemtaja. Tumekua pamoja, ananiita kaka. Nikamwambia, kwa utani ambao haukuwa utani, "Siku moja na minye batanipangusa." Akacheka, akasema kitambaa atakileta mwenyewe.

Tangu hapo gitaa ile ikaanza kuniudhi kwa kila kitu. Uvumi wake uliniudhi, wembamba wake uliniudhi, hata mkanda wake ambao haukuwa na kosa lolote. Mwishoni nikampigia Bahati simu. Kumbe alikuwa na mikro nyingine kama ile yake: koili mbili nyembamba zimebanwa ndani ya umbo la moja, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la gitaa yetu bila kuchonga mbao. Koili moja inaufuta uvumi wa mwenzake, ndiyo maana gitaa yake ilikuwa kimya. Akakubali tubadilishane, yake kwa ya kwetu. Nikaitoa mikro ya kwaya, nikaifunga kwenye soksi safi, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kiringye.

Tulikaa uani kwao. Nikamuuliza maswali ya solo. Solo, solo, solo! Alipokwisha kunijibu yote, nikamuuliza kwa adabu tu, ili nisionekane mwenye pupa: na akipiga polepole chini ya waimbaji, inakuwaje?

"Polepole?" akasema. "Minye sipigaka polepole. Kwetu kinanda njo inapigaka polepole. Minye naingia na solo, namaliza, naachia benye kuimba."

Mtu ananiambia ukweli wote, nimekaa mbele yake, na masikio ninayo! Kwaya yetu haina kinanda. Kilikufa mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yakaingia mpaka kwenye chumba cha vyombo. Tangu hapo kila kitu cha polepole ni gitaa. Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu gitaa ni mimi. Nikamjibu sawa, nikaiweka mikro yake ndani ya soksi ile ile.

Fundi wa simu wa karibu na soko akanichomelea nyaya. Siku hiyo hiyo nikaenda kanisani mchana, hakuna mtu, nikawasha ampli. Nikapiga solo zangu zote ninazozijua. Sauti ilitoka kama ya Luvungi, nene, ndefu, na nikiacha, kimya. Nilicheka peke yangu mle ndani. Lakini sikupiga wimbo hata mmoja wa polepole! Ni sawa na mtu anayenunua sufuria akaigonga kwa kidole, akasikia inalia vizuri, akaridhika bila kupika.

Prezida wa kwaya sikumwambia. Gitaa ni ya kwaya, si yangu. Nilijiambia nitamwambia wakishaipenda.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliomba kwa utulivu, akanitazama kwa furaha. Nikajiona mshindi. Ukaja wimbo wa toba, ule tunaouimba tumeinamisha vichwa, na hapo nikaanza kusikia nilichokifanya. Nyuzi nene zilichanganyikana, hujui ipi ni ipi. Nyuzi nyembamba zilinguruma hata nikizigusa kwa nyama ya kidole. Wanawake wa alto, ambao huwa wanachukua noti yao kwangu, waliingia vibaya mara mbili. Baada ya ibada mmoja wao akasema leo gitaa ina mafua. Wakacheka. Nikawakasirikia! Nikawaambia masikio yao yamezoea vitu vya zamani, watazoea na hiki.

Leo naweza kueleza kilichotokea, na inaniuma kwamba si jambo gumu. Karibu na shingo nyuzi zinatikisika kwa upana kuliko karibu na mahali zinapofungwa. Ukiweka hapo mikro yenye nguvu nyingi, inasukuma ampli kupita kiasi. Kwa solo ni raha. Kwa polepole inanguruma. Ukipunguza kitufe cha sauti, ngurumo inapungua lakini na mwanga wa sauti unaondoka nao, inabaki kama mtu anaongea nyuma ya godoro. Nilikizungusha kitufe kile mpaka kikalegea. Juu inanguruma, chini inazibwa. Nikaishusha mikro kwa bisibisi, ikawa mbali na nyuzi kidogo, nikapata nafuu ambayo iliniridhisha kwa sababu nilitaka kuridhika.

Hapa niwaeleze desturi ya kwaya yetu, ambayo ndiyo iliyonihukumu. Mmoja wetu akifa, siku ya kuondoa matanga tunaimba wimbo alioupenda. Ubeti wa kwanza tunaimba wote. Ubeti wa pili, waimbaji wa sauti yake wanafunga midomo. Kama alikuwa tenori, tenori wote kimya. Kama alikuwa alto, alto wote kimya. Sehemu yake inapigwa na gitaa peke yake, polepole, sauti safi, na wengine wanaimba kuizunguka. Ndivyo tunavyomruhusu aimbe mara ya mwisho. Tunafanya mara moja tu, na hakurudiwi.

Mama Zawadi alikuwa alto. Alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, na jioni anakuja mazoezini na harufu yake, haombi radhi kwa mtu. Mimi nilipoanza kushika gitaa, ndiye aliyekuwa anakaa karibu yangu ananiimbia noti mpaka nizipate. Alikuwa na tabia moja kwenye kuimba: hakuingia pamoja na wenzake. Aliacha nafasi ndogo sana, kama anavuta pumzi, ndipo anaingia. Wageni walidhani anachelewa. Sisi tulikuwa tunaisubiri nafasi ile. Ukiisikia unajua Mama Zawadi yupo.

Akaugua. Alianza kuugua wakati mikro mpya tayari iko kwenye gitaa, na tayari imetangazwa siku nyingine ya kukutana Luvungi. Nikaenda kumwona nyumbani kwao. Baba Zawadi, mume wake, mvuvi aliyeacha kuvua kwa sababu ya mgongo, alinipa kiti akatoka kutuachia nafasi. Mama alikuwa amekonda lakini sauti yake ilikuwa ile ile.

"Ule wimbo wangu," akaniambia, "usiukimbize. Unajua minye naingiaka nyuma kidogo. Uache ile nafasi, bantu bajue ni minye."

Nikamwambia ndiyo, Mama. Akanishika mkono akanishukuru.

Papo hapo niliifikiria mikro! Msiniambie kwamba sikujua. Nilijua nikiwa bado nimeshikwa mkono. Nilichopaswa kufanya ni kitu kimoja, kupanda moto kurudi Kiringye kuichukua ya zamani. Lakini nikipeleka mikro ya solo kabla ya Luvungi, nitapiga Luvungi na nini? Nikajisemea Mama ana nguvu bado. Nikajisemea Mungu ni mwema. Mtu akitaka kufanya ubinafsi wake, hata jina la Mungu analiweka mbele kama turubai.

Luvungi nikapiga. Nilipiga solo ndefu kuliko zote nilizowahi kupiga, nimefumba macho, nikisikiliza kama kuna miguu inayokuja. Vijana walipiga mbinja. Wanawake walikaa kwenye viti vyao. Nilipofungua macho, jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola, na waimbaji wetu walikuwa wanatafutana kwa sauti kama watu waliopoteana sokoni. Zawadi hakuwa nasi, alibaki kumuuguza mama yake.

Wiki iliyofuata Mama Zawadi akatutoka.

Mtaniuliza: kati ya kuzika na kuondoa matanga, si kulikuwa na muda? Ulikuwepo! Hapo ndipo mimi mwenyewe nashindwa kujielewa. Nilishamwambia Bahati, kwa majivuno, kwamba ile mikro yetu ni ya makumbusho, aifanyie anachotaka. Nikaona aibu kumpigia. Nikaona aibu pia kumwambia prezida kwamba nilibadilisha kitu cha kwaya. Aibu mbili ndogo, nikaziona nzito kuliko ahadi niliyompa mgonjwa. Nikakaa nyumbani na kiampli changu kidogo nikaufanyia mazoezi wimbo wake, kitufe nimekishusha nusu. Kwenye kiampli kile kila kitu kinasikika sawasawa, kwa sababu hakina uwezo wa kuonyesha ubaya wala uzuri. Nikasema inatosha.

Siku ikafika. Uani kwa Baba Zawadi palijaa, viti vya kanisa, mabenchi ya jirani. Bafle mbili, zile spika kubwa, betri, konvertisa. Tukaimba ubeti wa kwanza vizuri, na watu wengine walikuwa wameshaanza kulia. Ubeti wa pili, alto wakafunga midomo. Wakanigeukia, kama inavyotakiwa.

Nikaanza na kitufe nimekishusha. Sauti ikatoka imezibwa, haifiki hata benchi la pili. Nikamwona Baba Zawadi anainamisha kichwa upande, anatega sikio, anatafuta. Anamtafuta mke wake kwenye bafle zangu! Nikapandisha kitufe. Ikanguruma. Noti ya kwanza ikaingia juu ya noti ya pili, ya pili juu ya ya tatu.

Na ile nafasi! Ile nafasi ndogo aliyoniomba. Nilinyanyua kidole niiache, lakini mikro ile ilitengenezwa ili uzi usinyamaze. Noti iliyotangulia ikaendelea kulia ndani ya nafasi ya Mama Zawadi, ikaijaza yote. Nikaubana uzi kwa kiganja, ikatoka *tap*, kama mtu anafunga kopo. Nikajaribu tena mstari uliofuata, ikawa vile vile. Ukimya wa pumzi moja tu ndio uliotakiwa, na mimi niliubadilisha kwa kitu kisichojua kunyamaza.

Hapo nikamwona Zawadi anatoka kwenye mstari wa soprano. Anakuja mbele polepole, na mkononi ana kitambaa. Watu uani wakaona kitambaa, wakaanza kuitikia kwa sauti ya kuhimiza, kwa sababu wanajua kitambaa kinakuja kufanya nini. Na mimi, ndugu zangu, naandika hili uso unaniwaka. Niliinua uso. Katikati ya kumharibia mtu matanga yake, niliinua uso nipanguswe!

Hakunipangusa. Alikilaza kitambaa juu ya nyuzi, pale pale karibu na shingo, akakibana kwa kiganja mpaka gitaa ikanyamaza kabisa. Akasema kwa sauti ya chini ambayo ni mimi tu niliyeisikia.

"Acha, kaka. Haiko yeye."

Alto hawakufungua midomo, kwa sababu desturi ni desturi. Soprano, tenori na besi wakaumaliza ubeti na shimo katikati. Zawadi alikuwa amesimama karibu yangu mpaka mwisho, mkono wake juu ya kitambaa, na machozi hayakumtoka. Alipoondoka alikiacha kitambaa kwenye nyuzi.

Kesho yake aibu zote mbili zilikuwa zimepoteza maana. Nikamwambia prezida ukweli, akatikisa kichwa. Nikampigia Bahati. Nikaenda Kiringye nikiwa nimejiandaa kumwomba, hata kumsihi. Akaingia ndani akatoka na kopo la sabuni, na ndani yake mikro yetu, haijawahi hata kufungwa kwenye gitaa.

"Ungenipigia tu," akasema, na alionekana ameumia kwa ajili yangu. "Minye ningepatia muntu wa moto akuletee. Ile kitu ilikuwa inakaa bure."

Inakaa bure! Siku zote zile, Mama amelala anaumwa, mimi nazungusha kitufe na kutukana bisibisi, mikro ilikuwa kwenye kopo la sabuni inasubiri simu moja. Nilirudi juu ya moto nimejikasirikia mpaka tunafika mjini.

Nikairudisha. Nikawasha ampli kanisani, zzzz ikanipokea. Nikageukia dirisha langu. Nikapiga wimbo wa Mama Zawadi, na nilipofika kwenye nafasi yake nikanyanyua kidole, uzi ukanyamaza, pumzi moja, kisha noti ikaingia. Alikuwa pale. Nililia kama mjinga, peke yangu, sauti imetoka sawa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuisikia.

Ndipo nikabeba gitaa na kiampli, nikakifua kitambaa nikakipiga pasi, nikaenda kwao. Niliwaza nitaupiga uani, watu wawili watatu, familia tu, tutakuwa tumerekebisha. Baba Zawadi alinipokea vizuri, akanipa kiti kile kile. Akanisikiliza mpaka mwisho, sikumficha kitu. Halafu akasema hapana.

"Mwanangu, ule wimbo tulishaimba," akasema. "Leo ukiupiga, utaupiga juu ya moyo wako weye. Haitakuwa tena juu ya mama."

Alikuwa ameona hata kile ambacho mimi nilikuwa bado sijakiona. Nikasimama, nikamkuta Zawadi mlangoni, nikampa kitambaa chake kimekunjwa. Hakukipokea.

"Kaa nayo, kaka," akasema. "Njo ile ulikuwa unatafuta."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika.

Bado napiga, kwa sababu hakuna mwingine. Alto wamerudi kuchukua noti yao kwangu, lakini hawaniangalii kama zamani, wanasikiliza tu na kutazama mbele. Na wazee wawili kati yao wamemwambia prezida kwamba wao siku yao ikifika, sehemu yao isipigwe na gitaa. Iachwe wazi. Desturi niliyoikuta, iliyowapitisha wengi kwa heshima, imeanza kufia mikononi mwangu. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na naendelea kulipa kila Jumapili.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mikro ya shingoni, nakuomba, usiwe mimi. Usiichague uwanjani, jenereta ikinguruma na watu wakipiga mbinja. Kaa nayo ndani, ampli ile ile utakayotumia, na upige kwanza wimbo wako wa polepole kuliko zote. Sikiliza kila uzi unasikika peke yake. Sikiliza unapopunguza kitufe, mwanga unabaki au unaondoka. Kisha nyanyua kidole uone kama inajua kunyamaza. Ikifaulu hapo, solo itajitafutia njia, pedali za mguuni zipo, nguvu inaongezwa wakati wowote. Lakini usafi ukishautoa hakuna kifaa cha kuurudisha. Na kama kitu ni cha watu wote, waulize hao watu wote, hata kama unaona aibu. Aibu ya kuuliza inapita siku hiyo hiyo.

Kitambaa kiko ndani ya mfuko wa gitaa, kimekunjwa vile vile nilivyokipiga pasi. Jumapili nasimama nimegeukia dirisha, zzzz yangu inavuma, mchungaji ananiangalia. Joto likizidi, jasho najipangusa kwa mkono wa shati.